Sifa za Mende Arukaye

Mende mkubwa arukaye, ambaye wataalamu wa wadudu humwita Periplaneta americana na ambaye Kiswahili humtaja pia kwa jina la kombamwiko, ni mdudu mwenye urefu wa sentimita 4 hivi, rangi ya kahawia inayoelekea wekundu, na utepe wa manjano iliyofifia unaoizunguka ngao ya mgongoni karibu na kichwa chake. Amesingiziwa mengi na hajapata wa kumsifu. Katika karne ya 2 mwandishi Lucian wa Samosata hakuona haya kumtungia nzi sifa ndefu kwa Kigiriki, na mnamo 1511 Erasmus alichapisha kitabu ambamo upumbavu wenyewe ulipewa nafasi ya kujisifu, hali mende, ambaye ni mkubwa kuliko nzi na mwenye busara kuliko wengi waliosifiwa na Erasmus, ameachiwa kandambili na ufagio tu. Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Na mahali panapofaa kumpa haki hiyo ni Lusewa.

Lusewa ni kata ya Wilaya ya Namtumbo, mkoani Ruvuma, katika nchi ambayo kwa muda mrefu ilihesabiwa kuwa ya Songea. Wilaya hiyo inapitiwa na ushoroba wa Selous na Niassa, yaani njia ya asili ambayo wanyamapori huifuata wanapohama kati ya mbuga za kusini mwa Tanzania na Hifadhi ya Niassa nchini Msumbiji, na kwa sababu hiyo mkulima wa upande huo analifahamu vizuri jambo la kuamshwa usiku na tembo aliyeingia katika mahindi. Huamka, hupiga debe, huchoma pilipili, huwaita majirani, na wote kwa pamoja humfuata gizani mnyama wa tani kadhaa mpaka atoke shambani. Mkulima huyohuyo, akiwa ameketi jioni mbele ya ugali na mboga za majani, anapomwona mende wa gramu moja akiachia boriti na kufungua mabawa, huacha tonge mkononi, hupindua kigoda, na hutupa kandambili upande ambao mende hayupo. Ulimwengu una walimu wengi wa unyenyekevu, lakini ni wachache wanaofundisha somo hilo kwa gharama ndogo kiasi hicho na mbele ya wakwe.

Hofu hiyo ina msingi dhaifu, kwa kuwa mende wa aina hii haruki kwa namna ambayo ndege au nyuki huruka. Mabawa yake hutosha kumbeba umbali mfupi, na zaidi humsaidia kuteleza hewani kutoka mahali pa juu kwenda pa chini, naye akishajiachia hana uwezo mkubwa wa kuchagua atakapotua. Uso wa mtu humpokea kwa sababu tu ndio uliokuwa karibu. Misuli ya mabawa inahitaji joto, na mdudu hulipata joto hilo kutoka nje ya mwili wake, ndiyo maana katika baridi ya Juni na Julai mende hutembea kwa miguu kama raia wengine, ilhali katika fukuto la Oktoba na Novemba, kabla mvua za msimu hazijaanza, hupaa. Jambo la kuzingatiwa zaidi ni kwamba mende mchanga, anayeitwa tunutu, hana mabawa kabisa. Huambua gamba mara kumi au zaidi, na kila anapotoka katika gamba la zamani huwa mweupe kwa saa chache hadi lile jipya likauke, na safari yote hiyo humchukua miezi sita hadi mwaka na zaidi kabla ya kupewa mabawa katika uambuaji wa mwisho. Anayeruka, kwa hiyo, ni mtu mzima. Katika nchi ambayo mdogo humwamkia mkubwa, ni kukosa adabu kumlaki kwa mayowe aliyefikia umri huo kwa taabu namna hiyo.

Nasaba yake nayo haina mfano nyumbani. Mabaki yaliyogeuka mawe ya wadudu waliomtangulia mende yana zaidi ya miaka milioni 300, yaani yalilala ardhini kabla ya ndege wa kwanza, kabla ya ua la kwanza, na kabla kabisa ya mtu wa kwanza kulalamika kuhusu mende. Carl Linnaeus alipompa jina la kitaalamu mnamo 1758 alimwita wa Marekani, kwa kuwa vielelezo alivyokuwa navyo vilitoka huko, ingawa wataalamu wengi wanakubaliana kwamba nyumbani kwake ni Afrika na kwamba alivuka bahari akiwa amejificha ndani ya majahazi na merikebu za wafanyabiashara, zikiwemo zilizobeba watumwa. Mende wa Lusewa basi si mgeni wala mvamizi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inatambua hakimiliki ya kimila, yaani haki ya kukaa katika ardhi kwa kufuata desturi, na endapo kukaa kwa muda mrefu ndiko kungekuwa ushahidi pekee, mwenye nyumba angepaswa kumwomba mende kibali cha kujenga. Bahati nzuri halmashauri ya kijiji haimsikilizi.

Na nyumba yenyewe ni kana kwamba imejengwa kwa ajili yake. Tofali za kuchoma zilizopangwa kwa udongo huacha nyufa udongo unapokauka, na fundi aliyelipwa fedha yote kabla ya kazi kwisha huziacha kubwa zaidi. Mnamo 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walionyesha kwamba mende wa spishi hii anaweza kujibana na kupita katika ufa wa milimita 3, ambao ni robo ya kimo chake akiwa amesimama, na kwamba mwili wake hustahimili mgandamizo wa takribani mara 900 ya uzito wake bila kuumia. Huyu ndiye, akisharuhusiwa kufananishwa na mtumishi yeyote wa umma, bwana afya wa kweli: hukagua usiku, hakagui chumba cha wageni peke yake, hadai posho wala mafuta ya pikipiki, na kila alipokosa usafi huacha taarifa ya maandishi, yaani vile vinyesi vidogo vyeusi kwenye kona ya kabati na ile harufu ya uvundo katika kanga zilizokunjwa.

Kinachomvuta zaidi jikoni kinastahili kuangaliwa kwa karibu. Baada ya chakula cha jioni, sufuria ya ugali huwa na ukoko, yaani tabaka gumu la ugali lililoshika chini na pembeni, na kwa kuwa kuukwangua ukiwa mkavu ni kazi, desturi ni kuiloweka maji hadi asubuhi, mwiko ukiwa ndani. Sufuria hiyo iliyowekwa sakafuni kando ya mafiga, gizani, ina wanga uliolainika na ina maji, na mende anaweza kukaa bila chakula kwa majuma mengi lakini kiu humuua mapema zaidi. Kwa maneno mengine, mama mwenye nyumba humwandalia mende karamu kila usiku, kisha humlaumu kwa kuhudhuria. Kuiosha sufuria kabla ya kulala, kuufunika mtungi, na kukausha sakafu penye dimbwi la maji ya vyombo humkera mende kuliko sumu, na hakugharimu chochote isipokuwa ile robo saa ambayo kila mtu huipenda zaidi.

Hachagui chakula. Hula pumba, sabuni, nywele zilizokatwa, magamba aliyoyaambua mwenyewe, na ile gundi inayoshika mgongo wa madaftari ya shule. Ndani ya mwili wake hukaa bakteria waitwao Blattabacterium, ambao huichukua taka ya nitrojeni, aina ya taka ambayo binadamu huitoa kwa mkojo, na kuigeuza kuwa viini vya kujenga protini, kwa hiyo hata uchafu wake humlisha. Kaya inayohubiriwa kila mwaka kubana matumizi haina mfano ulio karibu zaidi.

Wepesi wake umewatia aibu wengi. Nyuma ya tumbo ana mikia miwili mifupi iitwayo serki, yenye vinyweleo vinavyohisi upepo mdogo unaosukumwa na kandambili inaposhuka, na habari hiyo huifikia miguu yake katika sehemu ndogo sana ya sekunde. Huondoka kwa mwendo unaoweza kufikia mita 1.5 kwa sekunde, ambao kwa mwili wake ni mwendo wa kutisha. Ndiyo sababu anayepiga kwa hasira hukosa. Maji yenye sabuni ya unga, yakirushwa kwa chupa ya kupulizia, hayampi nafasi hiyo, kwa kuwa huziba vitundu vya kupumulia vilivyo ubavuni mwake, naye hafi kwa jeraha bali kwa kukosa hewa.

Uadilifu unadai shutuma nazo zitajwe. Mende hutoka katika choo cha shimo, hupita ukutani, na hukanyaga chakula kilichoachwa wazi, akiwa amebeba miguuni bakteria wa kuhara na wa homa ya matumbo. Vumbi la magamba na vinyesi vyake huamsha pumu kwa baadhi ya watoto. Shutuma hizo ni za kweli. Hata hivyo njia ya kutoka chooni kwenda jikoni hakuilima yeye, naye huitumia tu kwa sababu tundu la choo halina kifuniko na wali hauna kawa. Kifuniko cha mbao chenye mpini na kawa la ukindu huifunga njia hiyo pande zote mbili.

Watu wengi lakini hupenda zaidi dawa. Kuna chaki ya mende, inayouzwa na wachuuzi na kuchorwa kwenye vizingiti, ambayo haina tofauti machoni na chaki ya shule na kwa hiyo haifai kuwa karibu na mtoto. Na kuna tabia mbaya zaidi ya kuleta jikoni dawa iliyonunuliwa kwa ajili ya shamba, ambayo humwingia mla chakula sawasawa na inavyomwingia mende. Sumu hizo hushambulia mishipa ya fahamu, miguu hujikunja, mwili uliobinuka mgongoni hupinduka, na mdudu hulala chali katika mkao ambao mtaani umepewa jina lake na kutumiwa kwa mambo ambayo maandishi ya heshima hayayaelezi. Hapo mwenye nyumba hushangilia kabla ya wakati. Jike huweka mayai 16 hivi ndani ya kifuko kigumu cha kahawia iliyokoza, kisichozidi sentimita moja, na hukigandisha kwa mate nyuma ya sanduku au chini ya gunia la mahindi, ambako sumu haimfikii aliyemo. Wiki sita hadi nane baadaye matunutu hutoka. Hata asipopata dume, jike huweza kutaga mayai yanayoanguliwa. Anayepuliza dawa mara moja na kuhesabu maiti, basi, ameua wazazi na kuacha yatima, na asipoyasogeza magunia na kuvikusanya vifuko kwa mkono, hesabu itaanza upya.

Adui wake mkamilifu ni siafu. Wanapoingia nyumbani kwa msafara, wenyeji hutoa watoto, hufungulia kuku, hukaa nje, na wanaporudi hukuta nyufa zote zimesafishwa bila kubaki hata kifuko. Hakuna kampuni ya kupuliza dawa yenye sifa hiyo, ingawa haiwezekani kuwapangia siafu siku ya kuja.

Inasemwa pia kwamba mende atabaki peke yake duniani baada ya bomu la atomiki. Sifa hii ingependeza kuendelezwa Namtumbo, ambako madini ya urani ya Mto Mkuju yamo ardhini na ambako mnamo 2012 Kamati ya Urithi wa Dunia ilikubali mpaka wa Pori la Akiba la Selous urekebishwe kwa ajili ya mradi wa kuyachimba. Msifu mwaminifu hata hivyo hana budi kukiri kwamba mende huvumilia mionzi kuliko binadamu, lakini nzi wadogo wa matunda humshinda. Hana haja ya sifa za kuazima.

Sifa yake kubwa imo katika ukoo wake. Mnamo 2007 watafiti wa Makumbusho ya Historia ya Asili ya London, kwa kulinganisha chembe za urithi, walithibitisha kwamba mchwa ni tawi la ukoo wa mende, si kundi la pembeni. Kumbikumbi, ambao ni mchwa wenye mabawa wanaotoka ardhini mvua za kwanza zinaponyesha, ni jamaa zake wa damu, na hao hupokewa kwa shangwe: beseni la maji huwekwa chini ya taa, huanguka humo kwa mamia, hupepetwa mabawa kwenye ungo, hukaangwa kwa chumvi bila mafuta, na hupendwa kuliko mboga nyingine ya msimu. Usiku huohuo, mende akianguka katika beseni lilelile, hutolewa kwa ncha za vidole, huku mtoaji amekunja uso, na hutupwa uani. Asubuhi kuku humdonoa kabla hajapata nafasi ya kugeuka, na Jumapili mgeni anapofika kutoka Songea kuku huyo huchinjwa kwa heshima yake, akapikwa kwa nazi, na mgeni akasifu kwamba kuku wa kienyeji ana ladha asiyoweza kuipata mjini.