Wote Wanataka Kufunika

Ukijenga Ilboru au Sakina, hapa Arusha, ardhi haikupi kiwanja, inakupa mteremko. Waliojenga nyumba yangu walichimba upande wa Mlima Meru, wakamwaga zege, na huko chini wakapata chumba ambacho ukuta wake mmoja umeegemea udongo. Miaka yote kimelaza mahindi na baiskeli mbovu. Sasa familia imekaa kikao, ikaamua kiwe sebule ya pili. Mimi nimeachiwa kazi ndogo tu: kutafuta cha kutandika sakafuni.

Kumbe mji huu kila mtu ni mtaalamu wa sakafu za wenzake.

Chalii wa makapeti alinisimamisha karibu na Soko Kuu. "Mzee, manyoya haya ukikanyaga unasahau Julai." Hakudanganya. Arusha iko mita kama 1,400 juu ya usawa wa bahari, na Julai baridi ya zege hukupanda mpaka magotini. Lakini kabla ya Julai kuna masika. Manyoya yatakunywa unyevu kimya kimya, na ikifika Aprili sebule itanuka kama mbwa aliyenyeshewa.

Jirani akashauri kapeti la mpira, eti halipitishi maji. Ndiyo shida yenyewe! Unyevu wa chini unapanda, unakuta mlango umefungwa, unaamua kulala hapo hapo. Gundi inaachia, mpira unaota vitambi, na ukiinua pembe unakutana na ukungu mweusi umeshahamia na ukoo wake.

Binti yangu Neema, aliyeko Dar, akanitumia picha za mbao za kuchomekana. "Baba, zinapendeza." Zinapendeza sana, mwanangu, huko kwenye simu. Nyingi ni unga wa mbao ulioshindiliwa, juu ukabandikwa picha ya mbao. Zikinusa maji tu, zinavimba kwenye maungio.

Basi akaja fundi tailizi. Sakafu hakuiinamia hata kidogo. Alisimama mlangoni, akapima kwa macho, akataja bei, akaomba advansi ya nauli.

"Na hii chumvi nyeupe inayotoka kwenye zege?"

"Hiyo tunaifunika, bosi."

Hapo ndipo ninapogombana na dunia. Wote wanataka kufunika. Hakuna anayeuliza kinachofunikwa kimetoka wapi. Mvua inaloweka mteremko, maji yanashuka chini kwa chini, yanakuta zege la zamani lisilotandikiwa nailoni, yanapenya taratibu kwenda juu. Yakikauka, chumvi yake inabaki sakafuni. Meru una mita 4,562. Maji yake hayawezi kukosa pa kuteremkia. Tailizi yenyewe haiogopi maji, nakubali. Lakini ukiibandika juu ya zege linalomeguka kwa chumvi, haishiki. Baada ya muda ukiigonga inaitika tupu.

Nikamwonyesha fundi kipande cha nailoni nilichokuwa nimekibandika sakafuni tangu jana yake, pande zote nne zimezibwa kwa utepe wa gundi. Ni kipimo cha bei ya kifungashio: ukifunua ukakuta matone, au zege limegeuka jeusi, jua maji yanatoka chini. Yalikuwepo matone. Fundi akayatazama kwa huruma, akasema nyumba bado haijazoea watu. Nyumba hiyo imemzidi umri!

Aliyenisaidia ni mama mkwe, naye hauzi chochote. "Baba Neema, mnahangaika nini? Pigeni niru nyekundu." Saruji laini yenye rangi, ikasuguliwa mpaka ing'ae, kama sakafu alizokulia. Unyevu ukija unapita na kukauka, chumvi ikitoka unafagia. Juu tandika mkeka. Jua likiwaka nao unatoka nje kuota.

Ila kwanza uchimbwe mtaro upande wa mlima, ujazwe kokoto, na maji ya paa yaelekezwe mbali na ukuta. Huo mtaro hakuna duka lililonitajia. Hauna rangi za kuchagua, wala wageni hawausifii.

Familia imenuna, lakini uamuzi umepita: mtaro, niru nyekundu, mkeka. Joto sijaahidi. Ukialikwa kwangu Julai, njoo na soksi.