Uainishaji wa Munkoyo kwa Umri

Wajuzi wa divai huuliza mwaka. Mtafiti wenu, aliyefika kando ya ziwa la Nzilo, huko Kongo, na daftari jipya na elimu ya kuazima, aliuliza vivyo hivyo mbele ya ndoo ya munkoyo. Mama muuzaji akamtazama kwa huruma: "Iko ya jana, papa."

Sayansi yetu ilianzia hapo. Ngeli ya kwanza, *Munkoyo wa Leo*, ni uji wa mahindi uliopoa kidogo ukatiwa mizizi iliyopondwa. Mizizi hiyo huvunja wanga kuwa sukari, kazi ambayo kwenye bia hufanywa na kimea. Uji mzito hulegea kama maji. Ni mtamu, wa watoto, hauna ubishi.

*Munkoyo wa Jana* ndio unaodai kitabu kizima. Umeanza kuchachuka, unatoa povu, na wanywaji wake ni jamii tatu. Wasifu-Mizizi huapa kwamba mizizi ya porini kwao haina mfano. Ni ndugu wa watu wa Bordeaux, ila hawana vyeti. Watikisa-Bidoni hawamimini kabla mashapo hayajachanganyika, na ole wako ukiwaharakisha. Wangoja-Mlipaji husifu kila kikombe ambacho hawakukinunua. Jamii hii inapatikana hata Dodoma, ambako zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka nayo haikosi msimu hata mmoja.

*Munkoyo wa Juzi* hukunja uso. Tuuache.

Lutuku, ile kali ya kukenekwa kwa mahindi na muhogo, haijapangiwa ngeli: siku mtafiti alipoionja, daftari lilibaki jeupe.

Kuhusu mila, tahadhari moja. Ziwa lenyewe ni bwawa. Wabelgiji waliuziba mto Lualaba mwanzoni mwa miaka ya 1950 ili migodi ya shaba ipate umeme, wakaliita Delcommune. Kwa hiyo ile "desturi ya mababu" ya kuja ufukweni Jumapili kutoka Kolwezi, kula samaki kwa bukari, yaani ugali, ina umri mdogo kuliko baadhi ya wazee wanaoisimulia. Samaki hawajapunguza utamu kwa sababu hiyo.

Sampuli ya Jana ilifungwa kwenye bidoni na kusafirishwa kwenda Lubumbashi, kilomita zipatazo 300, kwa uchunguzi zaidi. Njiani bidoni lilivimba. Lilipofunguliwa maabara, yaani jikoni kwa dada yangu, nusu ya sampuli iliruka hadi darini, na iliyobaki ilikwisha kuhama ngeli.