Sifa za Tarehe Saba

Idi ina kaswida zake, Krismasi ina pilau, na Ijumaa ina kanzu iliyopigwa pasi tangu usiku. Tarehe 7 ya kila mwezi haina mtu wa kuipigia hata kigelegele kimoja, ingawa kwa mwenye saluni ya Sinza, duka la dawa la Morogoro au karakana ya mageti ya Tandika ndiyo siku inayofika bila kuahirishwa. Kufikia siku hiyo, kodi ya mishahara ya mwezi uliopita, ambayo kila mtu huiita PAYE, na tozo ya kuendeleza ujuzi, SDL, zinatakiwa ziwe zimeshafika Mamlaka ya Mapato Tanzania, TRA. Kwa uaminifu wote huo, ujira wa tarehe hii umekuwa matusi. Imechelewa kusifiwa.

Msifu anayejua kazi yake huanza na nasaba. Babu wa tarehe 7 ni kodi ya kibanda, ambayo Wajerumani walianza kuitoza mwaka 1898: rupia 3 kwa nyumba, na asiye na rupia alilipa kwa mazao au kwa jasho. Baba yake ni kodi ya kichwa, ambayo wazee wengi bado wanaikumbuka kwa miguu, maana waliikimbia. Mgambo alisimama njiani akadai stakabadhi, na asiyekuwa nayo akakatiza mashambani. Kodi hiyo, ikiwa imeshabadilishwa jina na kuitwa ya maendeleo, ilifutwa mwaka 2003. TRA yenyewe ilianza kazi Julai 1996. Ukoo, basi, ni wa vitisho, lakini tazama malezi ya mjukuu: havai sare, hasimami njiani, hamfukuzi mtu kwenye mihogo. Anakaa tu kwenye kalenda ya ukutani, ile yenye picha ya mlima Kilimanjaro, anasubiri.

Wala Kiswahili si kigeni kwa ndoa ya sifa na ushuru. Shaaban Robert, aliyemwandikia Siti binti Saad wasifu, alikuwa mtumishi wa forodha kuanzia 1926 hadi 1944.

Tukija kwenye tabia, tarehe 7 haiombi chai. Haina shemeji, haikusoma na mtu, haitoki kijiji kimoja na mtu, na haipigiwi simu jioni ili mambo yamalizwe kiutu uzima. Mei 2023 wafanyabiashara wa Kariakoo walifunga maduka, hadi Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, akakutana nao viwanja vya Mnazi Mmoja. Pale yalisikika malalamiko juu ya usajili wa stoo na kamatakamata ya maofisa wa kodi. Ofisa anaweza kuingia dukani saa ya chakula, mteja mlangoni na kijiko mdomoni. Tarehe haijawahi kumwingilia mtu dukani. Huingia usingizini tu.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu huja na jembe lake mwenyewe, akamkabidhi mwenyeji.

Tena ni mpatanishi wa watu. Kuna kijana katika kila karakana anayeitwa Dogo. Anaitwa hivyo na bosi, na wateja, na mama anayeleta chakula cha mchana. Siku bosi anapoamua kumwingiza rasmi kwenye orodha ya mishahara na kumsajili kwenye mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, inabidi aulizwe majina yake matatu, na hapo ndipo watu waliokula naye ugali miaka minne wanapoyasikia kwa mara ya kwanza. Kisha inaletwa namba ya kitambulisho cha taifa, ya NIDA, tarakimu 20, na kwa kuwa namba hiyo huanza na mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa, bosi anagundua kwamba Dogo ana miaka 41, yaani amemzidi yeye mwenyewe miwili. Kuanzia siku hiyo salamu hubadilika. Ni kanuni gani nyingine ya serikali imewahi kurudisha shikamoo mahali ilipokuwa imepotea?

Hayo tisa. Kumi ni mfanyakazi wa kumi.

SDL inamhusu mwajiri mwenye wafanyakazi 10 au zaidi. Zamani ilianzia kwa wanne, hadi Sheria ya Fedha ya mwaka 2021 ilipousogeza mpaka. Kiwango chake tangu Julai 2023 ni asilimia 3.5 ya mishahara yote. Sasa chukua karakana yenye mafundi tisa, kila mmoja analipwa shilingi 300,000 kwa mwezi. SDL yao ni sifuri. Kazi zikiongezeka, anaitwa fundi wa kumi kwa mshahara uleule. Tozo haianzi kwa mshahara wake peke yake. Inawarudia na wale tisa, jumla shilingi 3,000,000, na asilimia 3.5 yake ni shilingi 105,000 kila mwezi. Fundi mmoja ameingia na zaidi ya theluthi ya mshahara wake imeingia nyuma yake, bila nyundo wala ovaroli. Ndiyo maana mtaani utakuta karakana yenye mafundi tisa na shemeji mmoja, au mgahawa wenye wahudumu tisa na binamu aliyekuja kusalimia tangu Machi. Wanasosholojia wanaolalamika kwamba undugu wa Kiafrika unakufa mjini hawajaitazama SDL.

Fundi huyo wa kumi anafundisha na hesabu nyingine. Kwenye 300,000 zake, mchango wake wa NSSF, shilingi 30,000, hutolewa kwanza kabla ya kukokotoa kodi. Inabaki 270,000, ambacho ndicho kiasi cha mwezi kisichotozwa kitu. PAYE yake ni sifuri. Ya wenzake tisa ni sifuri pia. Lakini ritani lazima iende, ikiwa na sifuri kumi zilizopangana wima kama mayai kwenye trei, na mwenye karakana atakesha kuipeleka. Dini nyingi humtaka muumini aungame madeni yake. Ni ibada hii peke yake inayomtaka aungame, kwa mtandao, kabla ya siku maalumu, kwamba watu wake hawadaiwi.

Tarehe 7 haina wivu. Imewaachia wenzake kazi. NSSF ina mwezi wake mzima baada ya mwezi wa mshahara kuisha, na hapo mafundi kumi wale wanahesabiwa asilimia 20, shilingi 600,000, nusu ikitoka kwao na nusu kwa mwajiri. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, unachukua asilimia 0.5, yaani shilingi 15,000. Ukijumlisha na SDL, karakana imeshahesabu 720,000 kabla haijanunua chuma hata kimoja. Halmashauri nayo ina ushuru wake wa huduma, unaohesabiwa kwenye mauzo, na leseni, BRELA na OSHA kila mmoja ana siku yake na mlango wake. Mwenye biashara ndogo hawezi kulalamika kwamba ni mpweke.

Uzuri kamili wa familia hii huonekana mwaka unapoisha. Ikifika katikati ya Desemba, nusu ya Dar es Salaam iko njiani kwenda Moshi, Arusha na Bukoba, tiketi za basi zimeadimika na kila mfanyakazi amekumbuka kwamba ana likizo. Anayo kweli: sheria ya ajira inampa isiyopungua siku 28 kwa mzunguko mmoja, na mwajiri ndiye anayepanga lini, mradi haipiti miezi sita baada ya mzunguko kuisha. Mwajiri aliyesahau kupanga mwaka mzima hupangiwa na foleni ya stendi. Wakati huohuo tarehe 31 Desemba inamsubiri na awamu ya nne ya kodi ya makadirio, ndugu ya zile za Machi, Juni na Septemba. Inafuata 7 Januari, ya PAYE na SDL ya Desemba. Inafuata 20 Januari kwa waliosajiliwa kodi ya ongezeko la thamani, VAT. Mwezi unafungwa na NSSF na WCF. Katikati ya hizo zote shule zinafunguliwa, na mtoto ameshakua, sare ya mwaka jana inaishia juu ya kifundo cha mguu.

Mwenye roho mbaya ataiita hali hii mateso. Msifu ataona ukarimu: mwaka wa mtu wa kawaida unaisha mara moja, wa mwajiri mdogo unaisha mara nne ndani ya mwezi mmoja. Na bado haujaisha, kwa sababu ritani ya mapato ya mwaka ina nafasi hadi 30 Juni, na siku inayofuata, 1 Julai, serikali nayo inaanza mwaka wake wa fedha na viwango vipya kutoka Dodoma. Watu wa Makunduchi, Unguja, wanafanana nayo. Mwaka wao, Mwaka Kogwa, huadhimishwa Julai: wanachoma kibanda, wanatandikana kwa migomba, kinyongo cha mwaka kinaisha, watu wanakula. Bara imechukua Julai ikaacha migomba, na hapo, kwa maoni ya msifu huyu, ndipo bajeti ilipokosea.

Asante nyingine itolewe kwa niaba ya steshenari. Risiti za mashine za EFD, zilizoanza kutumika nchini mwaka 2010, huchapwa kwenye karatasi inayochora kwa joto, na kwa joto la Dar es Salaam maandishi hufifia taratibu mpaka ushahidi wa matumizi ya Februari unabaki karatasi nyeupe isiyo na kosa lolote. Mjanja huzitoa kopi mapema. Wengine huzisweka kwenye boksi la viatu, na mwezi wa mwisho hulipeleka boksi lote kwa kijana wa steshenari, ambaye ndiye mhasibu mkuu wa nchi hii asiyetambuliwa. Anatoa kopi, anafungua akaunti, anakumbuka nywila ya mteja ambayo mteja mwenyewe ameisahau, anatoa kontroli namba, anauza na soda. Mtandao ukikwama usiku wa tarehe 6, watu kumi wasiojuana wanageuka jirani kwenye benchi moja, na mkwe hupatikana hapo.

Kuhusu heshima ya kitaifa, hakuna tarehe inayoshindana nayo. Tarehe 7 Aprili taifa zima linapumzika kumkumbuka Karume, aliyeuawa siku hiyo mwaka 1972, na PAYE ya Machi inaiva. Tarehe 7 Julai ni Sabasaba, iliyoanza kama kumbukumbu ya kuzaliwa kwa TANU mwaka 1954 na sasa ni sikukuu ya maonesho ya biashara. Mfanyabiashara anavaa vizuri, anapeleka watoto barabara ya Kilwa kuona mabanda na kula mishikaki, na katikati ya muziki anakumbuka mishahara ya Juni. Aliyepanga siku ya kusherehekea biashara iangukie siku ya kuitolea hesabu hakukusudia mzaha, na ndiyo maana mzaha umetoka mzuri.

Ina subira yake pia, ingawa ni ya namna ya pekee. Adhabu ya kuchelewesha ritani huhesabiwa kwa mwezi au sehemu ya mwezi, kwa hiyo aliyechelewa saa chache na aliyechelewa wiki tatu wanakaa benchi moja bila kubaguliwa. Riba nayo hutembea kimyakimya juu ya kodi isiyolipwa. Tarehe haigombi, haitumi mtu, haikasiriki. Mwezi ujao itakuja tena kama vile hakuna kilichotokea, na salamu yake itakuwa ileile.

Wengi watalipa mishahara ya Desemba mapema, kabla ya sikukuu, ili watu wasafiri na chochote mfukoni. PAYE na SDL ya mishahara hiyo inatakiwa kufikia 7 Januari, siku 13 baada ya Krismasi. Waorthodoksi wa Ethiopia na Wakopti wa Misri siku hiyo ndiyo kwanza wanaisherehekea.