Amebaki Mmoja, Twende

Kati ya vyombo vyote vinavyoweza kumtoa msafiri Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Jomo Kenyatta na kumfikisha kitandani mwake Meru, ni kimoja tu ambacho hakijawahi kuchelewa hata siku moja. Ndege huchelewa, kisha huomba radhi kwa kipaza sauti kinachokoroma. Teksi ya kuitwa kwa simu huchelewa, na kwenye ramani unakiona kigari chake kikizunguka mahali pamoja kama kuku aliyefungwa mguu. Lakini Nissan ya Meru pale Tea Room, Nairobi, haichelewi, kwa sababu haikuahidi saa. Iliahidi jambo moja tu: ikijaa, itaondoka. Ahadi hiyo inatimizwa kila siku, mvua ikinyesha au jua likiwaka, na bado watu hulitukana gari hilo, hulitazama kwa jicho la kengeza, na wakipata pesa kidogo hulikimbia. Naona wamelikosea. Gari la kujaza linastahili sifa, tena kwa lile lile linalolaumiwa, yaani kule kukaa kwake steji kama mkwe anayengoja kukaribishwa.

Tuitazame safari yenyewe. Anayeshuka kwenye ndege akiwa na mfuko mwepesi hupanda basi nambari 34 hadi katikati ya jiji. Anayetaka kujionyesha hulipia teksi ipite kwenye ile barabara ya juu iliyofunguliwa 2022, aruke msongamano wa Mombasa Road kwa pesa zake. Haidhuru. Wote wawili watakutana Tea Room, na yule aliyeokoa nusu saa kwa kulipia barabara ataitumia nusu saa hiyo hiyo akiwa ameketi ndani ya Nissan yenye watu wanne. Kutoka hapo ni kama kilomita 230, kupitia Thika, Makutano, Embu, Runyenjes, Chuka na Nkubu. Kidhibiti mwendo kinaruhusu kilomita 80 kwa saa, kwa hiyo kwenye karatasi ni safari ya saa tatu. Lakini karatasi haijawahi kupanda mabonde ya Tharaka Nithi nyuma ya lori la simiti. Mjini Meru msafiri anaanza upya, maana gari la kwenda kitongoji cha Kaaga, lile linalopita Makutano nyingine, ya Meru, kuelekea chuo kikuu cha KeMU, nalo pia lazima lijae. Na akiulizwa anashukia wapi, aangalie asijibu tu kwamba anaenda hotelini. Hoteli kwetu ni mahali pa chapati na maharagwe, na ataelekezwa huko kwa moyo mkunjufu, sanduku lake likiwa begani mwa kijana asiyemjua.

Sanaa ya kujaza gari bado haijapata mwanazuoni wake. Dereva huwasha injini, akasogea mbele kiasi cha mita moja, akakanyaga breki, akarudi nyuma mita moja. Gari halijaenda popote, ila abiria aliyekuwa ng'ambo ya barabara akisitasita na mandazi yake mkononi sasa anakimbia. Ndani wameketi vijana watatu wenye nyuso za watu wa safari ndefu; mmoja amelaza hata kichwa dirishani. Ukiingia wewe, mmoja anashuka polepole, kana kwamba amekumbuka kitu nyumbani. Huyo ni mpiga debe, na kazi yake ilikuwa kukutunzia kiti kisipoe. Mkono unapita dirishani na soksi, mwingine na biskuti, mwingine na waya wa kuchajia simu; mhubiri anapanda, anaomba kwa ajili ya safari ambayo haijaanza, anapitisha kofia. Na mlangoni kondakta anaimba kwamba amebaki mmoja, mmoja twende, ilhali viti vitano viko wazi na kila mwenye macho anaviona. Wapo wanaouita huo uongo. Hawajaielewa lugha. “Amebaki mmoja” si hesabu, ni dua.

Sasa nije kwenye hoja. Kiti kitupu hakisafiri bure. Kuna mtu anakilipia, na swali ni moja tu, nani. Ndege inayoondoka kwa saa yake ikiwa nusu tupu imeshagawa gharama ya viti vile kwenye tiketi za walioketi. Teksi inayombeba mtu mmoja humtoza mtu huyo viti vyote, pamoja na safari ya kurudi. Gari la kujaza linakataa biashara hiyo. Linasema: badala ya kulipia kiti cha mtu asiyekuwepo, mngojee. Basi nauli ya Nissan ina sehemu mbili, ya noti na ya dakika, na asiye na noti nyingi analipa zaidi kwa dakika. Asili ya jina matatu ndiyo hiyo hiyo: sarafu tatu za senti kumi, nauli ya zamani ambayo mtu wa kawaida aliimudu. Rais Kenyatta alipoziruhusu matatu mwaka 1973 zibebe watu bila leseni ya usafiri wa umma, alikuwa anakiri tu kwamba abiria na dereva walikwishaelewana kabla serikali haijafika.

Atakayetaka ushahidi aurejee mwaka 2020. Ugonjwa wa korona ulipoingia, serikali iliamuru gari la abiria 14 libebe wanane. Kwa mara ya kwanza katika historia yake Nissan ilikatazwa kujaa. Abiria akapata alichokililia miaka yote: kiti pembeni mwake kitupu, goti lisilogusana na goti, gari linaloondoka mapema. Akapata pia nauli iliyopanda, na ndipo kelele zikaanza. Marufuku ilipoondolewa Agosti 2021, sikusikia maandamano ya kutetea kile kiti kitupu. Wakati ule tuliiona bei ya kutongoja ikiwa imeandikwa kwa chaki mlangoni mwa gari, na wengi wetu tukaamua kwamba kungoja ni nafuu.

Wenzetu wa Marekani walijaribu kuchanganya kujaza gari na kuahidi saa. SuperShuttle, magari yake ya buluu na manjano yaliyoanza Los Angeles mwaka 1983, yaliwakusanya wageni wa viwanja vya ndege na kuwasambaza hotelini, lakini kwa kuweka nafasi na kwa kuahidi saa. Abiria waliosafiri pamoja walinung'unika juu ya nani ashushwe kwanza, na teksi za simu zilipokuja zikawachukua mmoja mmoja. Mwisho wa 2019 kampuni ikasimamisha magari. Naamini kosa lilikuwa kwenye ahadi. Mtu akiahidiwa saa, kila abiria mwenzake ni mwizi wa dakika zake. Asipoahidiwa saa, kila anayeingia ni mwokozi, na hushangiliwa kwa macho hata kama ana magunia mawili na kuku.

Kaaga hasa inapaswa kulielewa jambo hili, kwa kuwa imeahidiwa vyombo vya saa kwa muda mrefu. Reli ilifika Nanyuki karibu mwaka 1930, ikasimama hapo. Meru inaiona kwa mbali mpaka leo. Uwanja wa ndege wa Isiolo, usiofika hata mwendo wa saa moja kutoka Kaaga, ulianza kupokea abiria wa ratiba 2017. Sehemu kubwa ya njia yake ya kurukia iko upande wa Meru na jengo la abiria liko upande wa Isiolo, hivyo ndege hutua kaunti moja na mizigo ikadaiwa kaunti nyingine. Lami yake ni nzuri sana. Safari zake, hata hivyo, zimekuwa za kuja na kupotea, kwa sababu ndege ina saa lakini haina subira ya kusubiri watu wawe wengi. Gari la kujaza lilikuja kinyume. Hakuna waziri aliyekata utepe. Siku watu wa kwenda Kaaga walipotosha kujaza gari moja, gari lilikuwepo. Wanafunzi wa KeMU walipoongezeka, yakawa mengi. Siku za kufungua shule, masanduku ya bati ya Kaaga Girls na Kaaga Boys yakipangwa juu ya paa hadi springi zilie, ni mengi zaidi. Ratiba yake ni watu wenyewe.

Pingamizi la kwanza, nalo ni zito, ni la yule anayeingia wa kwanza. Tuseme abiria mmoja anafika kila baada ya dakika tano. Wa kumi na nne hangoji kabisa. Wa kwanza amengoja dakika 65. Na wastani wa wote ni zaidi kidogo ya nusu saa. Wanalipa nauli ile ile. Aliyeamka alfajiri anaadhibiwa, aliyelala anatuzwa. Haki iko wapi? Kaaga, iliyolelewa na Wamethodisti tangu 1912, imeisikia kesi hii mimbarani mara nyingi: ni ya wale vibarua wa shamba la mizabibu, walioajiriwa asubuhi na wale wa saa kumi na moja, wote wakapewa dinari moja, na wa asubuhi wakanung'unika. Jibu la mwenye shamba lilikuwa kwamba walipatana. Mimi naongeza jibu la steji, ambalo si la kiroho sana: wa kwanza alichagua kiti. Yeye yuko mbele kwa dereva, dirisha ni lake, miguu ameinyoosha. Yule wa kumi na nne, mwenye bahati, atasafiri hadi Meru juu ya gurudumu la nyuma, magoti yakigusa kidevu, na kila tuta kuanzia Runyenjes atalijua kwa jina.

La pili ni kwamba muda ni mali na gari hili linaupoteza. Hapa Meru haihitaji kufundishwa na mtu. Hakuna eneo la Kenya linalojua haraka kama nchi ya miraa. Jani likishakatwa lina siku mbili hivi kabla halijapoteza nguvu, kwa hiyo pikapu za mji wa Maua hazingoji abiria wala hazisalimii mtu. Hukimbia kwenda uwanja wa Wilson kuwahi ndege ya Mogadishu, na wenye hekima hupisha barabara. Haraka yote hiyo haikuizuia Uingereza kulipiga marufuku jani lenyewe Juni 2014, wala Somalia kulifungia soko kuanzia 2020 hadi 2022. Jamii iliyo na haraka ya aina hiyo na bado ikachagua kungoja inapohusu watu haijazubaa. Imetofautisha bidhaa inayonyauka na isiyonyauka. Anayeteremka kwenye ndege ya saa nane kutoka ughaibuni keshanyauka kiasi chake; saa moja ya kusinzia Tea Room haitamharibu zaidi.

La tatu silijibu kwa mzaha. Watasema gari lililongoja steji hulipiza barabarani, kwamba dereva mwenye kiwango cha pesa cha kumpelekea tajiri wake hufidia saa aliyokaa kwa kuongeza mwendo, na kwamba Daraja la Nithi linajulikana kwa majina ya wafu kuliko kwa mto wake. Julai 2022 basi moja lilitumbukia pale na watu zaidi ya 30 wakafa. Hilo haliwezi kusifiwa, na silisifu. Nasema tu kwamba kilichoua ni haraka, na haraka ndiyo adui wa gari ninalolitetea. Kiwango hicho cha kila siku kikiondolewa na dereva akalipwa mshahara, steji haitakuwa na deni la kudai barabarani. Hiyo ni kazi ya wenye magari na ya serikali, na wote wawili wanaijua.

Nakubali pia kwamba neno “kujaa” limetumiwa vibaya. Kabla ya kanuni za waziri John Michuki kuanza kutekelezwa Februari 2004, gari lilikuwa na nafasi ya mmoja daima, hata likiwa na watu ishirini. Michuki alilipa neno hilo maana: abiria 14, kila mtu na mkanda wake. Usiku ukiingia, askari wakiwa wameenda kula, maana hiyo huanza kunyumbuka, na ubao hutolewa chini ya kiti na kulazwa katikati ya njia. Sifa zangu zinaishia kwa wa kumi na nne. Wa kumi na tano atafute mshairi mwingine.

Imebaki chenji. Karibu na Makutano ya Meru kondakta, noti zikiwa zimekunjwa katikati ya vidole kama feni, huwapa abiria wawili wasiojuana noti moja ya mia mbili na kusema, “Mtagawana.” Hakuna teksi wala ndege iliyowahi kumwamini mteja kiasi hicho. Wanashuka pamoja Kaaga, mgeni na sanduku lake la magurudumu lisilopenda udongo mwekundu, na mama mwenye kikapu aliyekaa kando yake tangu Meru bila kusema neno. Kila mmoja anadai mia. Noti iko mkononi mwa mama. Wanaelekea kibandani, muuza duka anasema hana pesa ndogo mpaka wanunue kitu, na sasa wamesimama mbele ya kaunta wakijadiliana kwa upole kama wanunue mkate au kiberiti.