Akaunti ya Mzee, Nenosiri la Fundi

Anayenunua simu janja Kariakoo huondoka na simu, kava na akaunti. Akaunti hufunguliwa palepale juu ya kioo cha duka na kijana mwenye vidole vyepesi, anayeuliza jina tu, mengine hujijazia. Tarehe ya kuzaliwa? Januari mosi. Nenosiri? Jina la mteja na 123 mbele yake. "Tayari, mzee wangu, ingia YouTube."

Kijana akiteleza kwenye mwaka, balaa. Google haimwachii mtoto wa chini ya miaka 13 aendeshe akaunti peke yake, kwa hiyo mstaafu mwenye wajukuu anaweza kuambiwa amlete mzazi wake atoe ruhusa.

Wanaojifungulia wenyewe nyumbani nao hawana raha. Gmail ipo tangu 2004, na akina Juma waliotangulia wamekwishayamaliza majina. Kuchomeka nukta katikati hakusaidii, maana Gmail haizihesabu. Halafu inakuja meseji ya tarakimu sita. Watu wamechoshwa na matapeli wa "ile hela tuma kwenye namba hii", na wameonywa mpaka basi kwamba namba ya siri haitajwi. Mama anaiona meseji, anaifuta upesi, kisha anamwita mwanawe aliyekuwa akiisubiri: "Tapeli mwingine huyo, nimemkomesha."

Baadaye kuna akaunti zinazotaka mtu athibitishe kuwa si roboti. Chagua picha zote zenye bomba la zimamoto, yaani vile vibomba vifupi vya kando ya barabara za Marekani. Mkazi wa Mbagala atavijulia wapi? Zikija pikipiki, hapo kila mtu ni profesa, ingawa mwendesha bodaboda makini atataka kwanza kujua kama mishikaki inahesabiwa.

Kuhusu nenosiri lenye herufi kubwa, tarakimu na alama, lawama zina mwenyewe. Mwaka 2003 Bill Burr, mtumishi wa taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, aliandika mwongozo uliosambaza mtindo huo duniani. Mwaka 2017, akiwa amestaafu, aliliambia gazeti la The Wall Street Journal kwamba anajutia mengi ya aliyoyaandika. Majuto yake hayajafika kwenye simu nyingi. Watu bado wanaongeza alama ya mshangao mwishoni na kujiona majasusi.

Ila mzee wetu hana shida hiyo, kwa kuwa nenosiri halijui kabisa. Anaishi kwa amani hadi siku mjukuu anapobadilisha mchoro wa kufungulia skrini na kuusahau. Fundi wa mtaani anaifuta simu kwa kubana vitufe vya pembeni. Simu inawaka, inakaribisha, kisha inadai akaunti iliyokuwamo awali. Ni kinga dhidi ya wezi iliyoletwa na Android 5.1 mwaka 2015, na hapa imemnasa mwenye mali akiwa na risiti mkononi.

Kariakoo, yule kijana ameshahama fremu. Mrithi wake anahangaika na simu hadi jioni, anachukua elfu kumi, anafungua akaunti mpya.

"Mzee, nipe namba ya kurejeshea ukisahau."

"Weka yako. Si wewe ndiye nitakayekutafuta?"