Ombi la Nakala ya Mdomo

Kwa Mheshimiwa Meneja Rasilimali Watu (jina tunalihifadhi, kama wewe unavyoihifadhi mikataba yetu),

Kila tukiuliza habari za mshahara tuliokubaliana, jibu ni lilelile: "Una karatasi?" Mkataba uko mezani kwa Bosi, unasubiri saini tangu probesheni ianze mpaka imekwisha. Tuliahidiwa laki tano. Tunapokea laki tatu na nusu dirishani, na mhasibu akifungua kaunta buku huifunika safu ya kiasi kwa kiganja, akituachia kinafasi cha kutia saini tu.

Kwa kuwa makubaliano yalikuwa ya mdomo, naomba, kwa heshima na taadhima, nipatiwe nakala iliyothibitishwa ya mdomo wa Bosi. Simhitaji Bosi mzima, najua ana shughuli. Apelekwe steshenari, alaze uso kwenye kioo cha mashine, afumbe macho mwanga usimuumize, kisha atamke "laki tano" polepole wakati taa inapita. Meno ya mbele yaonekane, maana nayo yalihusika. Zitolewe kopi tatu: yangu, ya faili, na ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Muhuri wa wakili ugongwe mdomo wa juu. Wa kampuni, ule wa duara, mdomo wa chini, na wino uachwe ukauke kabla hajaletewa chai. Akicheka, zoezi lirudiwe.

Mengine ni madogo. Slipu za mshahara. Makato ya NSSF yafike NSSF. Ule ujumbe wa WhatsApp uliofutwa, ufufuliwe.

Lakini mnajua mnachofanya. Anayeninyima karatasi kisha akanidai karatasi hiyohiyo hajapitiwa. Ananiibia, na mwenye nyumba wangu hapokei ahadi. Samahani Mheshimiwa, kalamu iliteleza.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 15, inamtaka mwajiri atoe maelezo ya ajira kwa maandishi, mshahara ukiwemo. Shauri likifika asiweze kuyaonyesha, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha ni wake. Fomu Namba 1 ya Tume nimeshaijaza: laki tano.

Nanyi wenzangu, malalamiko ya mshahara yana siku 60, ya kuachishwa kazi 30 tu. Nendeni mapema.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Mfanyakazi Na. (haijatolewa)