Mcheza kwa Watu

Wahenga walituachia kwamba mcheza kwao hutuzwa. Anayecheza kwa watu hupata nini, hawakusema; labda walimwonea haya. Mimi nimecheza kwa watu, tena Gitega, mbele ya wazee saba na mbuzi mmoja, na naweza kuwamalizia methali yao.

Nimezaliwa Muyinga, mtaa wa Waswahili, ambako mtoto hushika dufu kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Gitega ilipofanywa mji mkuu wa kisiasa mwaka 2019, nilifungasha majora yangu ya vitenge, nikapita Karuzi, nikaenda kuwauzia wakubwa wapya. Jirani yangu huko, mzee mmoja mpole, alinikuta nikipiga meza ya duka kwa vidole. Akaniuliza, "Mwanangu, Jumapili huji kwenye ngoma?"

Hapo ndipo nilipopotelea. Kwetu ukisikia ngoma, unatafuta sahani. Kwa Warundi ingoma ni chombo kinachopigwa, na neno hilohilo ndilo ufalme. Mimi nikavaa kwenda harusini, kumbe nimeitwa ikulu.

Nilifika nimechelewa nusu saa, kama desturi ya mwalikwa anayejiheshimu, viatu vinang'aa. Wenzangu wote walikuwa miguu mitupu. Nikatafuta pa kukaa, nikaona vigoda vizuri vya mti vimepangwa kivulini, nikajikalia kimoja. Wazee saba wakanyamaza kwa pamoja.

"Mwanangu," jirani yangu akasema taratibu, "umekalia mti, ng'ombe na mfalme kwa mpigo mmoja."

Mti ni umuvugangoma, ambao ngoma huchongwa kwenye gogo lake. Ng'ombe ni ngozi iliyowambwa juu. Na mfalme ni Mwezi Gisabo, aliyeweka ngoma zake Gishora, kilomita chache tu kutoka pale, katika karne ya 19, baada ya kumshinda Ntibirangwa aliyemwasi. Mwaka 2014 UNESCO iliuandika mchezo huu katika urithi wa binadamu. Makalio yangu nayo yaliandikwa siku hiyo, katika kumbukumbu za mtaa.

Wakanisamehe, wakanipa ngoma niibebe. Wapigaji wa Burundi huingia uwanjani ngoma ziko kichwani, wanatembea na huku wanazipiga. Chini yake huwekwa ingata, na nilifurahi kusikia neno la nyumbani: mama yangu huweka ngata ileile, akapandisha beseni la parachichi, akatoka nalo sokoni bila kulishika, tena akigombana na mtu njia nzima. Nikadhani kipaji hicho hurithiwa. Ngoma ilikaa kichwani pangu hatua nne. Kwenye ya tano iliamua kurudi Gishora peke yake. Ilibingirika mteremkoni, mbuzi akaipisha kwa adabu kuliko nilivyoibeba.

Tukajipanga nusu duara. Ngoma ya katikati huitwa inkiranya, na ndiyo inayoamuru. Ibishikizo huifuata kila inapogeuka. Amashakwe hushikilia pigo moja lisilokatika tangu mwanzo hadi mwisho. Nikapangwa kwenye amashakwe. Kumpa mtu wa dufu pigo moja ni kama kumwita mpishi wa pilau umwambie achemshe maji. Nikavumilia kidogo, kisha nikatia madoido. Yalikuwa mazuri, nayasifu mpaka leo. Inkiranya ikanyamaza. Jirani yangu akanitazama kama mtu anayetazama mvua inayoanguka juu ya nguo alizoanika.

Tukaanza upya. Kila mmoja kwa zamu yake hutoka, huja katikati, hucheza na kuruka juu kabisa. Nikaona zamu inachelewa kunifikia, nikaisaidia. Nikaruka. Nilikuwa nimeazimwa mavazi yao, yale ya rangi za bendera, nyekundu, nyeupe na kijani, na nilikataa kufungwa na mtu: mimi ni muuza vitambaa, nifundishwe fundo? Nilipanda juu mimi, vazi likabaki chini. Namshukuru Mungu kwa suruali niliyovaa ndani.

Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililoniuma. Mzee aliokota vazi, akanifunga kama mtoto wa shule, akaninong'oneza: "Ukiacha pigo lako, yule aliye hewani ataangukia wapi?"

Nikarudi kwenye pigo langu moja. Nimelipiga Jumapili baada ya Jumapili, mpaka likanihamia mwilini. Napimia nalo kitenge. Natafunia nalo mshikaki. Na siku moja nikiwa nalipiga, jirani yangu aliruka mbele yangu, mzee na mvi zake, akatua juu ya pigo langu kama mtu anayekaa kwenye kiti alichokizoea. Sikuongeza doido hata moja.

Nilipokwenda Muyinga nikamsimulia dada yangu, ambaye kwenye ngoma ya harusi hana mpinzani mtaa mzima. Akaniuliza kama naye anaweza kujiunga. Ikabidi nimweleze amri ya rais ya Oktoba 2017: ingoma hupigwa na wanaume peke yao. Akanikazia macho muda mrefu.

"Kwa hiyo wewe uliyeibingirisha unaruhusiwa."

"Ndiyo, dada."

"Na mimi?"

Sikuwa na la kusema. Akaingia jikoni, akatoka na karai na miko miwili. Amri haikutaja karai. Akaligeuza, akanitupia ndoo ya plastiki: "Haya, lete hilo pigo lako."

Nikalipiga, lile lile. Baada ya dakika tano akauliza, "Kaka, ndiyo hilo tu unalolijua?"

"Ndilo hilo tu."

"Basi usiliache," akasema, akaweka miko chini, akajifunga kanga kiunoni, fundo la kweli, akaruka.